Benchi Linalotazama Masijala

Mkuu wa upelelezi hakuwa mtu wa maneno mengi, na asubuhi ile aliyapunguza zaidi.

"Saa kumi jioni," alimwambia Inspekta. "Ikifika saa kumi hujaniletea kitu, mkalimani anasomewa shitaka la kuua. Mimi nina shahidi, nina mtu, nina sababu. Wewe una nini?"

"Nina wasiwasi, afande."

"Wasiwasi haupandi kizimbani."

Inspekta akapiga saluti, akatoka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, magoti yanamsumbua, na katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amejifunza kwamba kesi ikinyooka kama rula, basi kuna mtu ameinyoosha. Hii ilikuwa imenyooka mno.

Siku mbili nyuma, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mfagiaji wa kituo cha kuwasaidia wakimbizi na waomba hifadhi alifungua mlango wa masijala, akapiga yowe. Karani wa mafaili, mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Bi Masijala, alikuwa amelala kifudifudi katikati ya rafu, amepigwa kisogoni kwa mashine ya chuma ya kutobolea karatasi. Faili moja halikuwapo. Chumba kile kina mlango mmoja, madirisha yana nondo, na mbele ya mlango, hatua sita tu, lipo benchi la kusubiria. Kwenye benchi hilo alikuwa amekaa mwanamke aitwaye Mama Pacha. Maelezo yake ndiyo yaliyomtia mkalimani wa kituo mahabusu.

Koplo alikuwa ndani ya gari, tumbo limegusa usukani, anayasoma maelezo hayo kwa sauti ya mtoto wa shule.

"'Nilifika kituoni saa mbili kamili, mlango ulipofunguliwa, nikiwa na mwanangu mmoja mgongoni. Nilikaa kwenye benchi linalotazama masijala. Sikuinuka mpaka niliposikia yowe. Aliyeingia masijala ni mkalimani peke yake. Aliingia mikono mitupu, akatoka mikono mitupu, uso wake umekunjamana.' Afande, kwa haya hata mimi ningemfunga."

"Mikono mitupu. Na faili je?"

"Chini ya shati. Ndivyo anavyosema Mkuu."

"Mkuu hakuwepo. Washa gari."

Sababu ya kuua nayo ilikuwepo, tena iliyosikiwa na watu. Siku moja kabla ya kifo, mkalimani aligombana na Bi Masijala mbele ya umati. Alitaka faili la rafiki yake, fundi saa mmoja ambaye mwaka uliopita ombi lake la hifadhi lilikataliwa, akarudishwa kwao, na wiki tatu baadaye ikaja habari kwamba ameuawa. "Ukininyima nitalichukua kwa nguvu!" mkalimani alipiga kelele. Na faili lililopotea ndilo hilohilo. Alipohojiwa mahabusu alisema aliingia asubuhi ile kuomba radhi na kuomba tena, na karani akamwambia arudi jioni, kuna kitu amekiona ndani ya faili na hakimpi usingizi. Karani hakumwambia ni kitu gani.

Mkalimani mwenyewe aliingia nchini kama mkimbizi, miaka tisa iliyopita. Hifadhi yake ilikuwa na sharti moja lililoandikwa kwa wino mzito: akishtakiwa kwa kosa kubwa, hifadhi inafutwa siku hiyohiyo na anapelekwa mpakani, kesi iishe isiishe. Huko alikotoka walikuwa bado wanalikumbuka jina lake. Kwa hiyo saa kumi ya Mkuu haikuwa saa ya mahakama tu. Inspekta alilijua hilo tangu jana.

*

Kituo kilikuwa zamani kiwanda cha magodoro. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, lakini mvua ikinyesha, harufu ya sponji iliyooza ilirudi. Chini kulikuwa na ofisi ya makazi, masijala, na chumba cha kushona walimofundishwa kina mama. Juu lilikuwa darasa la lugha na ofisi ya mshauri wa sheria. Watu wapatao arobaini walikuwa wameketi kwenye mabenchi bila kuongea, wengine na bahasha za plastiki kifuani kana kwamba mtu atawapokonya.

Mama Pacha alikuwa palepale kwenye benchi lake, mtoto wa kike wa miaka miwili kalala mapajani. Watu wageni walipouliza pacha wa pili yuko wapi, hakuna aliyewajibu. Alibaki kwa bibi yake, upande wa pili wa mpaka, usiku ule wa kukimbia, kwa sababu mgongo ni mmoja.

"Habari za asubuhi, dada," alisema Inspekta. "Nina maswali mawili matatu tu."

Kabla hajajibu, mtu alikuwa ameshaketi kando yake. Mshauri wa sheria wa kituo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, nadhifu, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni. Wote walimwita Dada Mshauri, na walimwita kwa mapenzi.

"Ana haki ya kusindikizwa, Inspekta. Endelea tu."

"Asante. Dada, nieleze tena ile asubuhi. Kwa maneno yako."

Mama Pacha akakohoa kidogo. "Nilifika kituoni saa mbili kamili, mlango ulipofunguliwa, nikiwa na mwanangu mmoja mgongoni. Nilikaa kwenye benchi linalotazama masijala. Sikuinuka mpaka niliposikia yowe..."

Akaendelea hadi mwisho. Hakupunguza neno, hakuongeza.

"Mkalimani alivaa nini?"

"Hilo sikulisema."

"Najua hukulisema. Nakuuliza sasa."

"Sikulisema, afande."

"Zaidi ya saa mbili nzima na mtoto mgongoni, hakulia? Hakutaka kukojoa?"

Mama Pacha akamtazama Mshauri. "Sikuinuka mpaka niliposikia yowe."

Nje, chini ya bati, Koplo alitema mate. "Amekaririshwa huyo. Na si yeye peke yake. Wanafunzi wanane wa darasa la juu nao nimewauliza mara ya pili kama ulivyoniagiza. 'Dada Mshauri alikuwa nasi darasani kuanzia saa tatu hadi yowe liliposikika.' Wanane, sentensi moja. Kwaya nzima hiyo, afande, na kwaya haikosi mwalimu."

"Unamshuku nani?"

"Waliokataliwa. Mtu akinyimwa hifadhi, wa kwanza kulaumiwa ni mkalimani: kanitafsiria vibaya, kanimaliza. Humu wamejaa. Wamekaa, wakapanga, wakamtwika maiti."

Inspekta hakulitupa wazo hilo. Saa nzima walipekua orodha ya waliokataliwa mwaka ule, majina kumi na tisa. Kumi na wawili walikuwa wamesharudishwa. Wanne walikuwa mji mwingine. Watatu waliobaki walikuwa siku ile kwenye foleni ya hospitali, na daftari la hospitali lilikuwa na alama za vidole vyao. Njia ikaishia hapo.

"Basi mimi sijui," Koplo alisema. "Mwanamke yule anaogopa kitu. Lakini haogopi sisi."

"Hata mimi nimeliona hilo," alisema Inspekta, akapanda ngazi polepole, goti moja baada ya jingine.

*

Darasa lilikuwa limejaa. Dada Mshauri alikuwa amesimama mbele, na kando yake mzee mmoja aliyeshika kofia kwa mikono miwili. Yalikuwa mazoezi ya usaili, ule mkutano wa siku moja ambamo mwomba hifadhi hueleza yaliyompata na serikali ikaamua kama itamwamini.

"Walikuja magharibi," alisema mzee. "Wakachoma nyumba. Wakachukua mbuzi wangu wanne."

"Mara ya kwanza ulisema watano."

"Mmoja nilimkumbuka vibaya, Dada. Alikuwa ameshakufa kabla."

"Usikumbuke!" Mshauri aligonga meza. "Babu, nisikilize, nakusihi. Anayekusaili hana habari na kumbukumbu zako, yeye ana karatasi. Ulisema watano, ni watano mpaka kaburini. Neno likibadilika wewe ni mwongo, na mwongo anarudishwa. Nimeshampoteza mtu kwa sababu ya rangi ya mlango. Alisema wa buluu, baadaye akasema wa kijani. Rangi ya mlango tu!"

"Watano," alisema mzee, machozi yanamlengalenga. "Walikuwa watano."

Inspekta alibaki mlangoni. Ubaya wa mambo ni kwamba Mshauri alikuwa anasema kweli. Ndivyo usaili ulivyo. Na watu hawa wamefundishwa hivyo miezi na miezi, mpaka mtu akishatamka jambo mbele ya mwenye kalamu, hata kama limemponyoka kwa kosa, anaona bora kufa nalo kuliko kulirekebisha. Hakukuwa na kwaya wala njama. Kulikuwa na watu waliosema mara moja, basi.

Akashuka mbio kadiri magoti yalivyomruhusu.

"Koplo! Ulipochukua maelezo ya kwanza ya Mama Pacha, uliambatisha nini?"

"Kila kitu, kama sheria inavyotaka. Kitambulisho chake cha muda, nakala yake, na kadi yake ya foleni. Viko kwenye bahasha."

"Toa kadi."

Kilikuwa kipande cha plastiki cha rangi ya njano, kimechakaa pembeni. Namba 31.

Koplo akaitazama, akamtazama mkubwa wake, akaitazama tena. "Lo! Aliyefika saa mbili kamili mlango ukifunguliwa anapewaje thelathini na moja?"

"Na wewe ndiye uliyeibana kwa pini."

"Afande, nilibana, sikusoma. Nipige."

"Nitakupiga baadaye. Twende kwa mgawa kadi."

Mlangoni kulikuwa na askari mstaafu wa miaka sabini, kisanduku cha mbao magotini, anagawa namba kwa kila anayeingia. Jina lake la kituoni lilikuwa Bwana Kadi, na kazi yake aliichukulia kama kulinda benki.

"Mama Pacha juzi alikuwa namba ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Tatu."

"Mbona kadi yake ni thelathini na moja?"

"Kwa sababu alitoka. Anayetoka mlango huu anarudisha kadi, akirudi anachukua ya mwisho. Hata mjomba wangu nisingemwachia. Alitoka saa tatu na nusu na mtoto mgongoni, mbio, kama mtu aliyeitwa. Akarudi saa nne kasorobo. Nikampa thelathini na moja. Moyo uliniuma, lakini sheria ni sheria."

"Una uhakika na saa?"

"Mwenye namba nne alinisumbua papo hapo awe namba tatu. Nikamwonyesha saa ya ukutani, nikamwambia afisa makazi anaanza kuita saa nne, bado nusu saa, kaa kitako."

"Mzee wangu, mbona hukutuambia haya?"

Bwana Kadi akakunja uso. "Mliniuliza nani kaingia masijala. Kiti changu kinatazama barabara, masijala siioni. Habari za kadi hamkuniuliza."

Koplo akainama kama anayefunga kamba za viatu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la sabuni na vocha, na mwenye duka alikuwa na simu aliyowapokelea watu wa kituo wasio na simu zao. Alikumbuka vizuri.

"Alikuja anahema. Akaniuliza kama simu yake imeshapigwa. Nikamwambia bado. Akakaa pale kwenye kreti, anaitazama simu, hapepesi macho. Akaniambia wanapiga kutoka nyumbani, kuhusu mwanangu."

"Nani alimwambia watapiga?"

"Hakusema."

"Na simu ilipigwa?"

"Asubuhi ile haikulia hata mara moja. Robo saa alikaa, maskini, kisha akaondoka."

*

Saa nane na nusu Inspekta alimpigia Mkuu na kumweleza kadi, mlinda mlango na muuza duka. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tuseme kwa haki yake.

"Vizuri," alisema. "Lakini nina maelezo yaliyotiwa saini na shahidi akiwa mbele ya mshauri wake wa sheria. Hayavunjwi na muuza sabuni. Avunje mwenyewe aliyeyatoa. Saa kumi."

Inspekta akamtuma Koplo juu kwa Dada Mshauri na fomu ndefu ya orodha ya samani za kituo, amjazishe kiti kimoja kimoja. Koplo akasema kazi ya kupoteza muda wa watu amezaliwa nayo. Kisha Inspekta akamfuata Mama Pacha kwenye chumba cha kushona. Wenzake walikuwa wametoka kula. Alikuwa peke yake nyuma ya cherehani, mtoto anacheza na vifungo kwenye kopo.

Inspekta akavuta kigoda, akaketi chini kuliko yeye.

"Nilifika kituoni saa mbili..."

"Dada, hiyo naijua kwa moyo sasa. Nisikilize mimi." Akaweka kadi ya njano juu ya kitambaa. "Ulikuwa namba tatu. Ulitoka. Ulisubiri simu kwenye kreti, robo saa. Ndani ya hiyo robo saa mtu aliingia masijala na wewe hukuwepo kumwona."

Mguu wa Mama Pacha uliganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Nikibadilisha neno," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "nitarudishwa?"

Hapo Inspekta angeweza kumdanganya. Wenzake wangedanganya, na kesi ingekwisha salama.

"Sijui," alisema. "Nitamwandikia msaili barua, nitamweleza ilivyokuwa. Sijui kama ataisoma. Sijui kama itasaidia."

"Usaili wangu ni keshokutwa."

"Najua."

"Na nimewaambia tangu mwanzo sina mawasiliano na nyumbani. Ni kweli, sina. Sasa niseme nilitoka kusubiri simu ya nyumbani? Si watasema nimewaficha?"

"Watakuuliza. Sitakuficha."

"Nikikubaliwa, mwanangu mwingine ataletwa. Kuna fomu, nimeshaonyeshwa. Nikikataliwa..." Akamwondoa mtoto kifungo mdomoni.

"Mkalimani anashtakiwa leo saa kumi," alisema Inspekta. "Akishtakiwa, hifadhi yake inafutwa. Anapelekwa mpakani."

Mama Pacha akainua kichwa. "Leo? Niliambiwa wanamuuliza maswali tu. Niliambiwa atatoka."

"Nani alikuambia?"

Mama Pacha akamvuta mtoto karibu.

"Mama," alisema Mama Pacha, na sasa hakumwita afande tena, "unajua mkalimani anavyosema? Hasemi 'huyu mama anasema.' Anasema 'mimi.' Siku nilipoandikisha ombi langu nilieleza saa tano, mambo ambayo hata aliyenizaa sijamwambia, na yeye aliyasema yote kwa mdomo wake. Mimi nilijificha. Mimi walinikamata. Alipofika kwenye 'mimi nilimwacha mmoja,' akashindwa. Akaomba maji. Yule ofisa akamkaripia mbele yangu, kwamba kazi yake si kulia. Akanywa, akasema upya." Akapangusa uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona. "Hakuna mtu mwingine duniani aliyeyasema hayo kwa niaba yangu. Andika, mama. Andika kabla sijaogopa tena."

Inspekta akatoa karatasi, akaandika juu yake: maelezo ya pili.

"Niliinuka," alisema Mama Pacha. "Saa tatu na nusu, mkalimani akiwa ameshatoka masijala. Dada Mshauri alishuka kutoka darasani, akanijia kwenye benchi. Akaniambia ofisi imepata habari kutoka nyumbani, watapiga simu ya dukani sasa hivi kuhusu mwanangu, nikimbie. Nikakimbia."

Kalamu ikasimama. "Dada Mshauri mwenyewe? Alishuka darasani?"

"Mwenyewe."

"Na siku hiyohiyo ulipotoa maelezo?"

"Alikuwa kando yangu. Yule afande mnene aliniuliza kama niliondoka. Nikamtazama Dada nijue nisemeje, kwa sababu ya ile habari ya mawasiliano. Akatikisa kichwa. Nikasema sikuinuka. Baadaye akanishika bega, akaniambia: umeshasema, sasa usibadilishe."

"Na wewe hukujiuliza kwa nini simu haikupigwa?"

"Nilijiuliza usiku kucha kama mwanangu yu hai, mama. Mengine sikujiuliza."

Akatia saini kila ukurasa, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika juzijuzi, kwenye darasa la juu.

*

Dada Mshauri alikuwa amefika kiti cha kumi na saba kwenye fomu ya Koplo. Alisema hakutoka darasani. Inspekta alipomsomea mistari sita ya maelezo ya pili, alisema alitoka dakika moja, kuchukua chaki. Alipoulizwa nani alipiga simu kutoka nyumbani kwa Mama Pacha, alisema hakumbuki, labda alimchanganya na mama mwingine. Wanafunzi wake wanane walikuwa mlangoni, wanasikiliza. Mzee wa mbuzi alikuwa miongoni mwao, na alimtazama mwalimu wake kama mtu anayeona nyumba yake inachomwa mara ya pili.

Faili la fundi saa lilikuwa kabatini mwake, chini ya karatasi za mazoezi. Ndani yake mlikuwa na kikaratasi cha mapokezi: barua ya kumkatalia fundi saa ilipokewa na Mshauri tarehe tatu, saini yake. Rufaa inatakiwa ndani ya siku kumi na nne. Yeye aliipeleka siku ya ishirini, akamwambia mteja wake kwamba barua ilichelewa posta. Bi Masijala alikuwa amekiona kikaratasi hicho, na akamwambia Mshauri, kwa sababu alikuwa mtu muungwana, kwamba jioni atakionyesha kwa familia ya fundi saa na kwa mkalimani.

"Niliisahau kwenye droo," alisema Dada Mshauri. Ndipo alipolia. "Niliisahau tu. Nilikuwa na mafaili mia mbili na kumi. Nimeokoa watu wangapi hapa? Waulizeni! Nimeokoa wangapi?"

Koplo akamfunga pingu bila mzaha wowote. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane Inspekta alipompigia Mkuu, na Mkuu akasema neno moja: "Mwachieni."

*

Walimtoa mkalimani saa kumi na moja. Alikuwa mwembamba, mvi zimeanza masikioni, siku mbili bila kunyoa. Askari wa kaunta akamrudishia mkanda, kamba za viatu na saa ya mkononi, akamwambia atie saini. Alisaini. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu asiyeamini.

"Mungu akubariki, Inspekta. Mmempataje muuaji?"

"Kwa maelezo ya Mama Pacha. Alirekebisha yale ya kwanza. Aliondoka kwenye benchi, na aliyemtuma aondoke ni Mshauri."

Tabasamu likaisha. "Alirekebisha kwa mdomo?"

"Kwa maandishi. Kurasa mbili."

"Zimekwenda wapi?"

"Nakala kwa mwendesha mashitaka. Nyingine inawekwa kwenye faili lake la hifadhi. Ndiyo sheria, sikuweza kuizuia. Nimeandika barua..."

"Usaili wake ni lini?"

"Keshokutwa. Saa tatu."

Mkalimani alikuwa amekaa kwenye vyumba vile miaka saba, akisema "mimi" kwa niaba ya watu mia kadhaa. Alijua yule msaili atafungua ukurasa gani kwanza, na atauliza swali gani. Akaweka mkanda na kamba zake juu ya kaunta.

"Mwambieni afute," alisema. "Mshauri mmeshampata, faili mnalo, mnahitaji nini tena kwake? Aseme alichanganyikiwa. Nirudisheni ndani hata mwezi, nitakaa, sitalalamika. Inspekta, nakuomba kama dada yangu, mwambie afute."

"Akifuta, atakuwa amebadilisha mara mbili."

Alifungua mdomo amjibu. Kazi yake yote ilikuwa kupata neno haraka, na hakulipata. Akaketi sakafuni palepale mbele ya kaunta, akalia kwa sauti, na askari wa zamu akanyanyuka kwenda kufunga mlango ili watu wa nje wasisikie.